Kadi ya grafiki imegoma kwenye Linux: itafute moduli kabla hujafuta chochote

Maswali ni yale yale. "Jana ilikuwa sawa, leo nimefanya sasisho na skrini imebaki nyeusi." "Nimeweka draiva ya NVIDIA ila `nvidia-smi` inalalamika." "Video ndogo tu, feni inapiga kelele na picha inakatakata." Na ushauri unaotolewa nao ni ule ule: futa kila kitu cha NVIDIA, weka upya. Kuna siku husaidia, kwa bahati tu. Siku nyingine mtu anateketeza bando lake kupakua mamia ya megabaiti, anawasha upya mashine na kujikuta palepale, kwa sababu kifurushi hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu mashine inapowaka), au kwenye heda za kerneli (faili za kujengea moduli za kiini cha mfumo) ambazo hakuna aliyeziangalia.

Mwongozo huu ni wa Ubuntu, Linux Mint na Debian. Uzito mkubwa nimeuweka kwa NVIDIA kwa kuwa ndiyo inayosumbua watu. Draiva za AMD na Intel zimo ndani ya kerneli yenyewe, na shida zao chache utazikuta karibu na mwisho.

Nadharia ni fupi. Draiva ya kadi ya grafiki ina sehemu mbili: moduli inayoingia ndani ya kerneli, na maktaba zinazotumiwa na programu. Moduli hujengwa kwa ajili ya kerneli moja mahususi. Kerneli ikibadilika, moduli ya jana haina kazi tena, lazima ijengwe nyingine. Kwa hiyo unapotafuta tatizo unauliza maswali manne, na kwa mpangilio huu: mashine inaiona kadi? Moduli ya kerneli hii ipo? Inaruhusiwa kuingia? Kuna moduli nyingine iliyoikalia kadi?

Andaa kwanza

- Akaunti yenye haki ya kutumia `sudo`.
- Intaneti. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB inatosha, na mara nyingi hukubali hata ukiwa kwenye skrini ya maandishi matupu.
- Umeme wa uhakika. Laptopu iwe na chaji, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS kama unayo. Umeme ukikatika katikati ya kujenga moduli, unaachiwa kazi nusu nusu.
- Simu au kifaa kingine cha kusomea maelekezo haya.
- Nafasi kwenye diski. Piga `df -h / /boot` uhakikishe hakuna palipojaa asilimia 100. `/boot`, mahali kerneli zinapokaa, ikijaa huharibu sasisho bila kelele nyingi, na watu huilaumu draiva.

Hatua ya 1: Ingia ndani, hata kama skrini ni nyeusi

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukiona mahali pa kuandika jina na nywila, mashine ni nzima, ni picha tu iliyokufa. Ingia hapo na uende hatua ya 2.

Kama hakuna kitu, zima na uwashe. Mara nembo ya mtengenezaji inapopotea, bonyeza Esc mara moja (kwenye mashine za BIOS ya zamani shikilia Shift). Ukiibonyeza Esc mfululizo utaangukia kwenye alama ya `grub>`. Andika `reboot` ujaribu tena kwa utulivu. Menyu ya GRUB (ya kuchagua kerneli ya kuwasha) ikitokea, una njia mbili.

Ya kwanza: chagua "Advanced options", kisha kerneli ya zamani kuliko ya juu kabisa. Ikiwaka vizuri, umeshapata nusu ya jibu: moduli haikujengwa kwa kerneli mpya. Lakini usirukie hatua ya 4, pita hatua ya 2 kwanza.

Ya pili: simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi na uandike `nomodeset`, kisha F10. Utapata picha mbaya na ya polepole, lakini ni picha. Angalizo: `nomodeset` ni ya kuingilia tu. Wengi huiandika kwenye `/etc/default/grub`, wanaisahau humo, kisha wanalalamika miezi mizima kuwa kadi yao haina nguvu.

Hatua ya 2: Uliza kadi imeshikwa na nani

```
lspci -nnk | grep -EA3 "VGA|3D|Display"
```

Utapata kitu cha namna hii:

```
01:00.0 VGA compatible controller [0300]: NVIDIA Corporation GP107 [GeForce GTX 1050 Ti] [10de:1c82] (rev a1)
        Kernel driver in use: nouveau
        Kernel modules: nvidiafb, nouveau
```

Isome taratibu, maana majibu mengi yamo humu. `10de` ni NVIDIA. AMD ni `1002`, Intel ni `8086`. Mstari wa `Kernel driver in use` unakutajia moduli iliyoshika kadi sasa hivi. Hapa ni nouveau, draiva huria iliyomo ndani ya kerneli tangu toleo 2.6.33 la mwaka 2010. Mstari wa `Kernel modules` unaorodhesha zote zinazoweza kuishika kwa kerneli hii. Angalia: neno `nvidia` lenyewe halimo. Maana yake moduli ya NVIDIA haipo kabisa kwa kerneli unayotumia, hata kama vifurushi vyake unaviona vimewekwa. Ingekuwa imo kwenye mstari wa mwisho lakini haijashika kadi, hilo lingekuwa tatizo jingine.

Mstari wa `in use` ukikosekana kabisa, kadi haina mwenyewe. Na kadi yenyewe isipoonekana, acha kuhangaika na draiva. Ingia BIOS uone kama imezimwa, au zima kompyuta ya mezani, chomoa waya wa umeme, itoe kadi, pangusa vumbi, irudishe mpaka ibane, na uangalie nyaya zake za umeme.

Hatua ya 3: Iingize moduli kwa mkono na usome inavyokujibu

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

```
sudo modprobe nvidia
```

Ukipata `Module nvidia not found in directory /lib/modules/...`, moduli haijajengwa. Nenda hatua ya 4.

Ukipata `Key was rejected by service`, au kwenye kerneli za zamani `Required key not available`, moduli ipo ila Secure Boot imeikatalia mlangoni. Nenda hatua ya 5.

Ukipata `No such device`, moduli imejaribu kuingia ikakosa kadi ya kushika: ama nouveau imeikalia, ama toleo la draiva ulilonalo halihudumii kadi hiyo. Nenda hatua ya 6.

Isipojibu neno, imeingia. Piga `nvidia-smi`, amri ya NVIDIA inayoonyesha hali ya kadi; jedwali likitokea, ruka mpaka hatua ya 7.

Jibu lolote ulilopata, soma pia kerneli yenyewe imeandika nini:

```
sudo dmesg | grep -iE "nvrm|nvidia|nouveau" | tail -n 30
```

Mistari yenye `NVRM` inatoka kwenye moduli ya NVIDIA, na huwa inasema mambo waziwazi kuliko `modprobe`.

Hatua ya 4: Jenga moduli ya kerneli hii

```
uname -r
dkms status
dpkg -l | grep -E "nvidia-dkms|linux-modules-nvidia"
```

DKMS ndiyo inayojenga moduli upya kila kerneli mpya inapoingia. Mstari wa nvidia ukiwa na neno `installed` pembeni ya kerneli ileile uliyoiona kwenye `uname -r`, ujenzi ulifaulu. Ukiwa na `added` tu, chanzo kipo lakini hakuna kilichojengwa.

Usishtuke `dkms status` ikiwa tupu kwenye Ubuntu. Ubuntu ina pia moduli zilizojengwa na kutiwa saini tayari, zinazokuja kwenye vifurushi vya `linux-modules-nvidia`. Kama unatumia hizo, hakikisha kuna kifurushi chenye namba ya kerneli yako. Kikikosekana, `sudo apt update` kisha `sudo ubuntu-drivers install` kwa kawaida hukileta.

Kwa wanaotumia DKMS, anza na heda za kerneli, kwa sababu zikikosekana hakuna ujenzi:

```
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall
```

Hiyo inatatua la leo. Ili lisijirudie sasisho lijalo, weka pia kifurushi kinachofuata kerneli yenyewe: `linux-headers-generic` kwa Ubuntu ya kawaida, `linux-headers-generic-hwe-24.04` kwa anayetumia kerneli za HWE (kerneli mpya zaidi kwa toleo lile lile la Ubuntu) kwenye 24.04, au `linux-headers-amd64` kwa Debian.

Ujenzi ukishindwa, utaelekezwa kwenye faili ya `make.log` iliyo ndani ya `/var/lib/dkms/nvidia/`, kwenye folda ya toleo lako, ndani ya `build`. Watu hunakili mistari mitatu ya mwisho na kuomba msaada. Mistari hiyo haisemi kitu, siku zote ni `make: *** [...] Error 2`. Tafuta kosa la kwanza:

```
cd /var/lib/dkms/nvidia/*/build
grep -n -i -m5 "error" make.log
```

Mfano uliowakumba wengi kwenye Ubuntu 22.04: kerneli za HWE zilianza kujengwa kwa gcc-12 (gcc ni programu ya kujengea msimbo) wakati mfumo wenyewe unatumia gcc-11. Kwenye `make.log` kunatokea lalamiko kuhusu `-ftrivial-auto-var-init=zero`, ambalo kwa mgeni linatisha, kumbe dawa ni `sudo apt install gcc-12` kisha `sudo dkms autoinstall`. Basi.

Lakini ukikuta makosa ya aina ya `implicit declaration of function`, mara nyingi kerneli ni mpya kuliko draiva. Hapo huna cha kurekebisha kwa mkono. Chukua draiva ya toleo la mbele, au rudi kerneli ya zamani usubiri.

Hatua ya 5: Secure Boot

```
mokutil --sb-state
```

Ikijibu `SecureBoot enabled`, moduli lazima iwe na saini ya ufunguo unaotambuliwa na mashine. DKMS hutia saini yenyewe. Kinachokosekana ni mashine kuujua ufunguo. Kwenye Ubuntu:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Kwenye Debian faili ni `/var/lib/dkms/mok.pub`. Utaombwa utunge nywila. Ni ya kutumika mara moja tu, dakika chache zijazo, kwa hiyo tumia herufi za kawaida na namba, uache alama. Skrini inayofuata husoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani, na alama huhamahama.

Washa upya na usiondoke mbele ya kompyuta. Skrini ya bluu itatokea na kukusubiri kwa sekunde chache tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua `Enroll MOK`, `Continue`, `Yes`, andika nywila, kisha `Reboot`. Ukichelewa, mashine inaendelea kuwaka kama kawaida, na unaanza tena na `mokutil --import`.

Unaweza pia kuizima Secure Boot kwenye BIOS, na kwa mashine ya nyumbani yenye Linux peke yake sioni ubaya. Ila kama kuna Windows yenye BitLocker (kufuli la diski la Windows) kwenye diski hiyo, tafuta kwanza ufunguo wa kuifungulia. Windows inaweza kuudai mara tu unapogusa mpangilio huo.

Hatua ya 6: Toleo sahihi, kisha nouveau

Toleo kwanza. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya, na kadi zake zina umri. NVIDIA huziacha kadi za zamani kwa awamu: tawi la draiva la 390 ni la mwisho kwa kizazi cha Fermi (GeForce 400 na 500), 470 kwa Kepler (600 na sehemu kubwa ya 700), na 580 kwa Maxwell, Pascal na Volta. Ile GTX 1050 Ti ya mfano wetu ni Pascal, kwa hiyo inaishia 580. Upande wa pili, RTX za mfululizo wa 50 zinakubali moduli huria tu, zile ambazo vifurushi vyake kwenye Ubuntu huishia na `-open`. Moduli hizo NVIDIA ilizitoa mwaka 2022 na zinahudumia kadi kuanzia GTX 16 na RTX 20. Ukimwekea mwenye GTX 1050 Ti kifurushi cha `-open`, utapata `No such device` mpaka uchoke.

Jina la kadi lisikudanganye. Quadro K2000 ni Kepler, lakini Quadro K620 ni Maxwell. GTX 750 nayo ni Maxwell ingawa imekaa kwenye mfululizo wa 700. Amini `dmesg`: ikiandika kwamba kadi `is supported through the NVIDIA 470.xx Legacy drivers`, umepewa jibu. Kwa kadi za 390 na za nyuma zaidi, ushauri wangu ni kubaki na nouveau. Kuilazimisha draiva ile kwenye kerneli za leo ni kujitafutia kazi.

```
ubuntu-drivers devices
sudo apt install nvidia-driver-470
```

Badilisha 470 kwa namba inayokuhusu. Kwenye Debian kwanza ongeza `contrib non-free non-free-firmware` kwenye vyanzo vya apt (hiyo ya mwisho ilianza na Debian 12, mwaka 2023), kisha `sudo apt install nvidia-driver`.

Vifurushi hivi kwa kawaida huizuia nouveau vyenyewe. Ikiwa baada ya kuwasha upya bado imekalia kadi:

```
printf "blacklist nouveau\noptions nouveau modeset=0\n" | sudo tee /etc/modprobe.d/blacklist-nouveau.conf
sudo update-initramfs -u
```

Ukisahau mstari huo wa pili, nouveau itaendelea kupakiwa mapema kabla faili yako haijasomwa. Angalizo: usiizuie nouveau kabla hujahakikisha moduli ya nvidia imejengwa, la sivyo unabaki huna hii wala ile.

Mwenye laptopu yenye kadi mbili aangalie na kinyume chake, yaani kama NVIDIA ndiyo iliyozuiwa:

```
grep -rE "nvidia|nouveau" /etc/modprobe.d /lib/modprobe.d
prime-select query
```

Amri ya pili ikijibu `intel`, basi ni wewe au aliyeitumia kabla yako aliyeizima NVIDIA kwa makusudi ili kuokoa betri. `sudo prime-select on-demand`, washa upya, kwisha.

Hatua ya 7: Hakikisha

Washa upya bila `nomodeset`, kisha:

```
lspci -nnk | grep -EA3 "VGA|3D|Display"
nvidia-smi
glxinfo -B
```

`glxinfo` imo kwenye kifurushi cha `mesa-utils`. Kwenye mstari wa `OpenGL renderer` ukikuta `llvmpipe`, picha inachorwa na prosesa, kadi imekaa bure. Ndiyo sababu ya feni kupiga kelele. Kwa laptopu iliyo kwenye `on-demand`, kuona Intel hapo ni sawa. Ijaribu NVIDIA hivi:

```
__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B
```

Kosa linaloharibu kuliko yote

Ni kupakua faili ya `.run` kutoka tovuti ya NVIDIA na kuiweka juu ya vifurushi vya apt. Inafanya kazi, ndiyo, mpaka sasisho linalofuata, ambapo apt na faili ile zinafutiana maktaba. Ukikuta mashine ya namna hiyo, ondoa kwanza ya `.run` kwa `sudo nvidia-uninstall`, halafu `sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'`, na hapo ndipo uweke upya kwa apt. Soma orodha ya vitakavyofutwa kabla ya kubonyeza Y.

Bado inagoma?

*`Driver/library version mismatch`.* Maktaba zimesasishwa, moduli iliyo kwenye kumbukumbu ni ya zamani. Washa upya tu.

*`couldn't communicate with the NVIDIA driver`.* Ujumbe huu hausemi sababu, unasema moduli haimo. Rudi hatua ya 3.

*Umeme ulikatika wakati wa sasisho.* `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt -f install`, kisha `sudo dkms autoinstall`.

*Skrini ya nje kwa HDMI haionekani, ya laptopu ni nzima.* Kwenye laptopu nyingi tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja kwenye kadi ya NVIDIA. Moduli isipoingia, tundu limekufa. Usinunue waya mpya kwanza.

*AMD, na `dmesg` inaandika `Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2`.* Moduli ya amdgpu ipo, faili ya fimwea (programu ya ndani ya kadi) ndiyo haipo. Debian: `sudo apt install firmware-amd-graphics`. Ubuntu: sasisha `linux-firmware`. Malizia na `sudo update-initramfs -u`.

*Intel, na skrini ni nyeusi kwenye mashine mpya kabisa.* Mara nyingi kerneli ni ya zamani kuliko prosesa. Weka kerneli ya HWE au toleo jipya la mfumo.

Ukifika hapa na bado, unapoomba msaada usipeleke picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Peleka maandishi ya haya matano: `uname -r`, `lspci -nnk`, `dkms status`, `mokutil --sb-state`, na jibu kamili la `sudo modprobe nvidia`. Ukiombwa zaidi, `sudo nvidia-bug-report.sh` hukusanya kila kitu kwenye `nvidia-bug-report.log.gz`, ndani ya folda uliyokuwepo. Humo kuna jina la kompyuta yako na taarifa nyingine za mashine, kwa hiyo mtumie mtu unayemwamini.